Shilingi, dola au kadi: kubeba pesa za matembezi ng'ambo ukitokea Kampala

Swali ambalo wasafiri wengi huanza nalo dirishani ni "Dola leo ngapi?" Ni swali la maana, lakini lipo linalolitangulia: pesa hizi zitabadilishwa mara ngapi kabla hazijafika mkononi mwa muuza duka kule uendako? Kila zinapobadilishwa kuna anayekata chake. Wengi hupoteza zaidi kwa kubadilisha mara tatu kuliko kwa kukosa bei nzuri ya siku moja. Nitatumia Dubai kama mfano, kwa sababu huko ndiko Waganda wengi huanzia safari za ng'ambo, na kwa sababu dirham, fedha ya huko, ni rahisi kuikagua.

Kwanza ubao wa duka la foreksi, yaani la kubadilishia fedha. Una safu mbili, kununua na kuuza, na zote mbili zinasema kwa mdomo wa duka. "Kuuza" ndiyo bei yako wewe unayeondoka. "Kununua" itakuhusu ukirudi na salio. Tuchukue kwamba dola inauzwa 3,700 na kununuliwa 3,650 (takwimu za mfano tu, bei hubadilika kila siku). Shilingi 3,700,000 zinakupa dola 1,000.

Sasa uko Dubai. Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa dirham 3.6725 kwa dola moja, na haijasogea. Ukipewa chini ya hapo, tofauti ni chakula cha aliyekubadilishia. Duka la mjini likikupa 3.65, dola 1,000 zako zinakuwa dirham 3,650, na hapo huna la kulalamika. Kaunta ya uwanja wa ndege ikikupa 3.50, unapata 3,500. Hizo ni dirham 172 na nusu chini ya kiwango rasmi, karibu dola 47, na zimeondoka kabla hujaonja hata chai.

Je, ununue dirham hapa hapa Kampala? Piga hesabu, usikisie. Gawanya bei ya dola kwa kiwango unachotarajia kupewa kule: 3,700 kwa 3.65 ni shilingi 1,014 kwa dirham moja. Duka la Kampala likikuuzia dirham kwa 1,030, njia ya dola inashinda kidogo. Lakini 3,700 kwa 3.50 ni 1,057, kwa hiyo anayefika usiku na kulazimika kubadilisha uwanjani angefaidika kununua dirham chache hapa. Ushauri wangu ni kununua hapa dirham 200 hadi 300 za teksi na chakula cha usiku wa kwanza, na nyingine zote ubebe kwa dola.

Uingereza na nchi za yuro ni habari tofauti. Kampala pauni na yuro hupatikana bila shida, hivyo nunua moja kwa moja. Anayebeba dola kwenda London anabadilisha mara mbili bila sababu. Kwa Uturuki au Thailand, beba dola na ubadilishe kule mjini. India nayo ina masharti yake juu ya kuingia na noti za rupia, kwa hiyo usinunue rupia hapa hata ukiuziwa kwa bei ya kuvutia. Na ndugu akikupa rupia alizobakiza safari ya zamani, tazama kama zina noti ya 2,000. Benki Kuu ya India ilitangaza kuiondoa kwenye mzunguko Mei 2023. Noti za zamani za 500 na 1,000 zilikwisha tangu Novemba 2016.

Shilingi zetu usizibebe. Nje ya Afrika Mashariki ni nadra kupata anayezinunua. Weka tu nauli ya kukutoa Entebbe hadi nyumbani siku ya kurudi.

Noti yenyewe

Hapa ndipo naomba uwe mkali, maana kosa la noti hulioni mpaka uko mbali na aliyekuuzia.

Marekani haifuti noti zake. Noti ya dola ya mwaka wowote bado ni fedha halali kwao. Lakini wewe hubadilishi Marekani, unabadilisha kwenye kaunta ya mtu anayeogopa bandia, na mtu huyo ana uhuru wa kukataa au kukupa bei ya chini. Maduka ya hapa yenyewe hufanya hivyo: noti za 50 na 100 zina bei yake, za 20, 10 na 5 zina bei ya chini, na ya dola 1 huwa chini zaidi. Kwa hiyo pesa za kubadilisha ziwe noti za 100. Ndogo beba chache, kama dola 40 au 50, za bahshishi na dharura.

Noti ya 100 unayoitaka ni ile yenye utepe wa buluu. Ilianza kutoka Oktoba 2013, lakini baadhi zimeandikwa 2009, na hapo watu hugombana bure dirishani. Usisome mwaka peke yake, tazama utepe. Yenye 2009 na utepe ni ya toleo jipya. Yenye 2006 haina utepe, na hiyo irudishe. Kisha ikague hivi. Iyumbishe mbele na nyuma: vikengele vilivyo ndani ya utepe hugeuka kuwa 100 na husogea kulia na kushoto. Iyumbishe kulia na kushoto: husogea juu na chini. Kengele iliyo ndani ya kidau cha wino hubadilika rangi kutoka shaba kwenda kijani. Inyanyue kwenye mwanga, uone sura ya pili ya Benjamin Franklin kwenye nafasi tupu upande wa kulia. Mwisho pitisha ukucha begani mwa koti lake, utasikia mikwaruzo. Karatasi laini kabisa mahali hapo ni sababu ya kusimama.

Kataa noti iliyochanika ukingoni hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu, na iliyogongwa mhuri mdogo wa mfanyabiashara. Mhuri hauifanyi noti kuwa bandia, lakini kaunta nyingi za Asia hazitaki kuiona. Omba ubadilishiwe papo hapo, kabla hujatoka mlangoni. Ukishatoka, hakuna atakayekuamini kwamba ilitoka hapo.

Kwa pauni: noti za karatasi za 20 na 50 zilikoma kutumika madukani tarehe 30 Septemba 2022, na za 5 na 10 zilikoma mapema zaidi. Sasa zote ni za plastiki. Benki Kuu ya Uingereza bado hubadilisha za karatasi, lakini hiyo si shughuli ya mtu aliye likizo. Pauni zilizokaa kabatini kwa shangazi tangu harusi ya mwaka 2015 zitakusumbua. Kwa yuro, usikubali noti ya 500. Bado ni halali, ila haitolewi tena tangu 2019 na maduka mengi huikataa. Ya 50 inatosha.

Kadi

Taslimu zikae kwenye kazi ya taslimu: siku mbili za mwanzo, masoko, bahshishi, na amana ya hoteli ikibidi. Hoteli za Dubai hutoza ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Kwa hoteli ya daraja la juu, usiku tano ni dirham 100. Ziweke pembeni.

Kwingine taslimu hazisaidii kabisa. Mabasi ya London hayapokei pesa mkononi tangu Julai 2014, unagusisha kadi. Na kila abiria agusishe kadi yake: mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja. China watu hulipa kwa programu za simu za Alipay na WeChat, na kadi ya Visa ya benki ya hapa huweza kuunganishwa humo. Fanya kazi hiyo ukiwa bado Kampala, kwa sababu namba ya uthibitisho huja kwa ujumbe kwenye laini yako ya Uganda.

Wiki moja kabla ya safari nenda benki ukiwa na kadi yenyewe. Omba ifunguliwe kwa matumizi ya nje, kwenye ATM na kwenye mashine za madukani, maana hizo ni ruhusa mbili tofauti. Uliza benki huongeza asilimia ngapi kwenye kubadilisha fedha, ATM ya nje hukatwa kiasi gani kila unapotoa, na kikomo cha siku ni shilingi ngapi. Halafu chukua namba ya simu ya kufungia kadi inayoanza na +256. Ile namba ya bure iliyoandikwa mgongoni mwa kadi mara nyingi haipigiki ukiwa nje. Tazama tarehe ya kadi kuisha. Lipa kitu kidogo supamaketi kwa namba ya siri ili ujue unaikumbuka. Washa huduma ya laini yako kufanya kazi nje ya nchi, la sivyo ujumbe wa benki hautakufikia, na menyu za pesa za simu (*165# ya MTN au *185# ya Airtel) usizitegemee ukiwa huko.

Sasa mtego ninaoomba kila msafiri aujue. Unalipa dirham 400, mashine inauliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Uganda? Shilingi unazielewa, unabonyeza shilingi. Hapo umempa mwenye mashine ruhusa ya kubadilisha kwa kiwango alichojipangia mwenyewe, na benki yako bado inaweza kukukata ada ya muamala wa nje. Chagua fedha ya nchi uliyopo, kila mara. Kwenye ATM swali hilo huja kwa sura ya kutisha: kubali ubadilishaji, au kataa. Watu hukubali wakidhani kukataa ni kufuta muamala. Ukikataa, pesa hutoka vilevile, ila kiwango kinawekwa na mtandao wa kadi yako, kama Visa. Kama risiti ya dukani imeshatoka kwa shilingi, omba ifutwe na ulipe upya kabla hujaondoka kaunta.

Mara nyingi ATM hukata ada ileile iwe umetoa kidogo au kingi. Tuseme ni shilingi 15,000. Anayetoa 200,000 mara tano amelipa 75,000, yaani asilimia 7.5 ya milioni yake. Anayetoa milioni kwa mkupuo mmoja amelipa asilimia 1.5. Tumia mashine iliyo ukutani mwa benki, tena saa za kazi, ili ikimeza kadi kuwe na mtu wa kumwendea. Kadi ya mkopo usiitolee pesa kwenye ATM: riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Hoteli na kampuni za magari hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida, pesa hiyo huwezi kuigusa mpaka iachiwe, na huweza kuchukua siku nyingi baada ya kuondoka. Ndiyo maana kadi moja haitoshi. Moja ya dhamana, nyingine ya matumizi, na ikiwezekana ziwe za benki mbili tofauti.

Wanaokusanya pesa za safari kwenye simu wakumbuke kodi ya kutoa ya asilimia 0.5, juu ya ada ya wakala. Kwenye milioni 4 hiyo ni shilingi 20,000. Akiba ya safari ikae benki.

Kuhusu sheria, fupi tu. Ukitoka Uganda na taslimu zinazozidi thamani ya shilingi milioni 30, unatakiwa kuzitangaza. Umoja wa Ulaya hudai tangazo kuanzia yuro 10,000, Uingereza kuanzia pauni 10,000, Marekani zikizidi dola 10,000, na Falme za Kiarabu zikizidi dirham 60,000. Kutangaza si kulipa kodi. Kinachokufilisi ni kuficha. Tunza risiti ya duka la foreksi yenye jina lako.

Gawa pesa sehemu mbili na kamwe usiziweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Kadi moja na nusu ya noti utembee nazo, nyingine zikae kwenye sefu ya chumba. Pasi isikae mfuko mmoja na pesa, kwa sababu ukiibiwa, ndugu wa Kampala anaweza kukutumia kwa Western Union, na kitambulisho cha kuzichukulia ni hiyo pasi. Mwambie aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Jina la utani, la ndoa lisilomo kwenye pasi, au majina yaliyopinduliwa mpangilio yatakurudisha kwenye foleni.

Siku ya mwisho tumia sarafu za chuma zote, hakuna duka la Kampala litakalozinunua. Zinazobaki za noti zipeleke kwenye bili ya hoteli: lipa kwanza taslimu ulizonazo, kisha umwambie wa mapokezi amalizie kwa kadi, kwa fedha ya nchi hiyo.