Siku tatu kabla ya kliniki

Naandika hii jioni ya siku ya kliniki hapa Moshi, nimechoka ila nikilala bila kuandika najua sitaandika tena. Mimi ni daktari, nusu ya wiki naona wagonjwa wa kisukari na nusu nyingine nipo kwenye tafiti za haya haya magonjwa, sukari na presha, na leo mama mmoja wa Pasua kaniuliza swali ambalo naulizwa kila wiki: "Dokta, kidole mmeshanitoboa sukari ni sita, sasa hiyo damu ya mkononi mnataka ya nini tena?"

Ana haki kabisa ya kuuliza, damu ni yake. Ngoja nijibu kwa kirefu.

Kuna mzee wa Kibosho nilimhudumia karibu miaka miwili. Kila akija kidole kinasoma 6, au 6.4, siku mbaya sana 7, mimi namwambia hongera baba endelea hivyo hivyo, namwandikia dawa zile zile anaenda zake. Siku moja tukamtoa damu ya kipimo cha HbA1c, wagonjwa wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu, majibu yakaja asilimia 11. Nikajua maabara wamechanganya chupa, nikarudia, ikaja 11 tena. Sasa 11 ukiigeuza kuwa sukari ya kwenye mashine ya kidole ni wastani wa karibu 15, yani huyu mzee anaishi na 15 usiku na mchana na mimi nampa hongera! Nikamkalisha nikamuuliza taratibu, akaniambia, "Dokta, siku tatu kabla ya kliniki pombe ya mbege sigusi, ndizi naacha, nakula mboga za majani tu, na vidonge nameza vyote bila kuruka. Sitaki nikuaibishe."

Hilo neno la mwisho liliniuma kwa sababu kosa lilikuwa langu, nilimfundisha mwenyewe kwamba kuja kliniki ni kuja kufanya mtihani.

Sasa hiki kipimo kinafanyaje kazi. Chukulia jiko la kuni la bibi kule Marangu. Leo hajawasha moto kabisa, majivu yamepoa, amefagia vizuri, ukichungulia mafiga utasema humu hakupikwi. Inua macho uangalie kwenye kenchi, masizi yanakwambia moto umewaka miezi yote. Chembe nyekundu za damu ndo ziko hivyo, zina kitu kinaitwa himoglobini na sukari iliyoko kwenye damu inaganda humo, na ikishaganda haitoki mpaka chembe yenyewe ife, na chembe inaishi kama siku 120. Kwaiyo ukijinyima siku tatu mafiga yatapoa kweli lakini masizi yako palepale. Ndo maana pia tukibadilisha dawa kwenye utafiti tunakwambia rudi baada ya miezi mitatu. Watu wanadhani tumewasahau, hapana, tunasubiri chembe za zamani zife zije mpya, ukipima wiki ya pili unasoma masizi ya dawa ya zamani.

Aliyeona kwamba himoglobini ya watu wenye kisukari iko tofauti ni mtafiti wa Iran, Samuel Rahbar, pale Tehran mwaka 1968. Ila kuiona ni jambo moja, kujua kama ina maana yoyote kwa mgonjwa ni jambo jingine, na hilo lilichukua miaka mingi na watu wengi sana waliokubali kufuatiliwa. Marekani na Canada walichukua watu 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, majibu yakatoka 1993, kundi moja lilishushwa mpaka karibu asilimia 7 na lingine likabaki kama 9, na wale wa 7 ambao macho yao yalikuwa bado mazima walipata ugonjwa wa macho pungufu kwa asilimia 76. Uingereza walianza 1977 na wagonjwa 5,102 wa aina ya pili, hii ambayo wengi wetu tunayo huku, majibu yakatoka 1998. Huko tofauti ilikuwa ndogo tu, 7.0 kwa 7.9, lakini hata huo upungufu mdogo ulipunguza matatizo ya mishipa midogo, mambo ya macho na figo, kwa robo nzima. Kwaiyo nikikwambia mama tushushe kutoka 9 hadi 8 usione ni kitu kidogo.

Alafu kuna upande wa pili ambao naomba usirukwe. Marekani walijaribu kuishusha zaidi, chini ya 6, kwa watu 10,251 waliokuwa na kisukari cha muda mrefu na hatari kubwa ya moyo, na Februari 2008 ikabidi wasimamishe kwa sababu kwenye kundi la kubanwa sana walikufa watu 257, kundi lingine 203. Ndo maana mzee wa miaka 75 mwenye moyo dhaifu simsukumi kwenye 6 hata mtoto wake aliyeko Dar anipigie simu kulalamika. Kwake 8 bila kuanguka kwa sukari kushuka ni sawa kabisa.

Na hapa ndo nafika kwenye kitu kinachonigusa zaidi kama mtafiti wa huku kwetu. Hesabu ya masizi inategemea chembe iishi siku zake zote. Ikifa mapema masizi yanakuwa machache hata kama moto ni mkali, kipimo kinadanganya kwa kusoma chini. Na nani chembe zake zinakufa mapema? Mwenye selimundu, aliyetoka kuugua malaria kali, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, upungufu wa kurithi ambao kwa watu wenye asili ya Afrika ni wa kawaida sana. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba, watu karibu 160,000, ukaonyesha mwanaume mwenye ile aina ya Kiafrika ya G6PD anaweza kusoma chini kwa karibu 0.8, yani ana 7.2 ya kweli karatasi inasema 6.4, na mstari wa kusema una kisukari ni 6.5. Anarudishwa nyumbani kama mzima! Upungufu wa madini ya chuma wenyewe unavuta kinyume, unapandisha, na kina mama wengi wanao. Tafiti nilizotaja zile kubwa zilifanywa Ulaya na Marekani, na mstari wenyewe haukuchorwa kutokana na damu za huku kwetu, ndo sababu nang'ang'ana kuwaomba watu wa Moshi, Rombo, Kahe, Hai washiriki tafiti, huu mstari tunaupokea na kuutumia kwenye damu ambayo haikupimwa vya kutosha.

Kwaiyo mama wa Pasua, ndo maana nataka vyote viwili. Kidole kikisema 13 nyumbani kila siku na HbA1c ikasema 6, mimi naamini kidole alafu naanza kutafuta damu ina nini. Kidole kikisema 6 siku ya kliniki na HbA1c ikasema 11, nakuuliza ulikula nini wiki iliyopita, na sitafoka. Siku nyingine ukija usijifunge, kula kama kawaida yako, meza dawa kama unavyozimeza kweli, na kama uliishiwa ukaruka wiki mbili sema tu uliishiwa.

Yule mzee alirudi kliniki iliyofuata, kidole kikasoma 14, akanyoosha mkono akasema leo nimekuja nilivyo. Tukaanza insulini ya usiku, mbege hajaacha kabisa ila kapunguza, baada ya miezi sita HbA1c ikawa 8.3. Macho tuliyawahi. Ganzi ya miguuni haijaondoka, na kila akija namvua viatu nakagua nyayo mwenyewe.