Dawa za Akili na Ukungu wa Kichwani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu ameanzishiwa dawa ya sonona (huzuni nzito isiyoondoka), ya baipola (hali ya kupanda hadi furaha iliyopitiliza na kushuka hadi huzuni nzito) au ya skizofrenia (ugonjwa unaovuruga fikra na kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo). Wiki haijaisha, anasoma aya moja mara tatu bila kushika neno. Anaanza sentensi na kuishia katikati. Akiulizwa jambo dogo, jibu analo, ila linachelewa kufika mdomoni. Wapo wanaosema kichwa kimekuwa kizito, wapo wanaosema kimejaa ukungu. Hali hii inachosha na kutisha, na kwa wengine ndiyo sababu ya kuviweka vidonge kabatini wasivirudie tena. Maneno yanayomzunguka mgonjwa wakati huo ni mengi, na baadhi yake yanaumiza kuliko ukungu wenyewe.

"Dawa hizi kazi yake ni kumzubaisha mtu"

Dhana hii imeshika mizizi kwa sababu wanaomtazama mgonjwa kwa nje wanachokiona ni usingizi. Mara nyingi usingizi huo siyo kazi iliyokusudiwa. Olanzapini, kwetiapini, mirtazapini na amitriptilini, mbali na kugusa mifumo ya ubongo inayohusika na ugonjwa, huziba pia vipokezi vya histamini, yaani milango ya seli ambayo kemikali hiyo hupitishia ujumbe wake. Histamini ndani ya ubongo ni mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Ndiyo maana hata dawa za zamani za mzio humlaza mtu asiye na ugonjwa wowote wa akili. Klopromazini, dawa ya skizofrenia iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, yenyewe ilitoka katika ukoo wa dawa hizo za mzio.

Mwili huzoea kuzibwa huku kwa histamini. Kwa wengi, usingizi wa siku za mwanzo hupungua ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Kinachowakatisha watu tamaa ni kwamba maudhi hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Fluoksetini na sertralini, ambazo ni dawa za sonona, huanza kugusa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, saa chache tu baada ya kumezwa, lakini nafuu ya sonona huchukua takriban wiki 2 hadi 6 kuonekana. Katikati hapo mgonjwa anabeba maudhi yote na bado hajaonja faida. Natamani kila anayeandikiwa dawa hizi aambiwe jambo hili kabla ya kidonge cha kwanza, maana asiyejua huihukumu dawa nzima kwa siku zake mbaya kuliko zote.

Upo ukungu mwingine usiofuata ratiba hiyo. Dawa zinazozuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea sana katika kumbukumbu, huleta usahaulifu pamoja na mdomo mkavu, choo kigumu na macho yasiyoona vizuri maandishi ya karibu. Amitriptilini imo katika kundi hili. Benzheksoli nayo imo, ile inayotolewa kulegeza misuli iliyokakamaa kwa sababu ya haloperidoli, dawa ya skizofrenia, na jamii yake. Usahaulifu wa namna hii hauishi kirahisi kwa kuvumilia tu, na kwa wazee unaweza kufika hadi kuchanganyikiwa. Inatokea mtu akaendelea na benzheksoli kwa miaka ilhali kilichofanya apewe kilikwisha zamani. Kama unaimeza na kumbukumbu inakusumbua, muulize daktari iwapo bado unaihitaji. Swali hilo moja linaweza kubadilisha mengi.

"Alikuwa na akili zake timamu, dawa ndiyo iliyomharibu"

Ugonjwa wenyewe hula umakini. Kushindwa kufikiri na kukaza akili ni mojawapo ya dalili rasmi zinazotumika kuitambua sonona, sambamba na huzuni na kukosa usingizi. Kuhusu skizofrenia, daktari Mjerumani Emil Kraepelin alieleza kudhoofika kwa umakini na fikra za wagonjwa wake mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 50 kabla ya klopromazini kupatikana. Wagonjwa wale hawakuwa wamemeza chochote kati ya vidonge vinavyolaumiwa leo.

Lakini hapa nasimama upande wa mgonjwa. Ukweli huu hutumiwa vibaya na baadhi ya wahudumu: mtu akilalamika, anajibiwa kwamba ni ugonjwa wake tu, aendelee kumeza. Jibu hilo halitoshi. Ugonjwa na dawa vinaweza kuchangia kwa pamoja, na ipo namna ya kuvitenganisha, nayo ni kutazama nyakati. Ukungu ulikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza? Unazidi saa chache baada ya kumeza na kupungua dozi inayofuata inapokaribia? Uliongezeka wiki dozi ilipopandishwa, au dawa nyingine ilipoongezwa? Mgonjwa ndiye mwenye majibu haya, hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuyatoa. Vipimo navyo vina nafasi yake, kwa kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na ukosefu wa vitamini B12 huleta ukungu unaofanana kabisa na huu. Lithiamu, dawa ya baipola, inaweza kuidhoofisha tezi hiyo polepole, na anayeimeza akaanza kuona kila kitu kizito akadhani sonona imerudi.

"Kadiri unavyosinzia ndivyo dawa inavyofanya kazi"

Hapana. Usingizi na nafuu huja kwa njia tofauti. Dozi inayomfaa mtu inaweza isimlaze hata kidogo, na inayomlaza kutwa nzima inaweza kuwa kubwa mno kwake.

"Vumilia tu, utazoea"

Nusu ya kauli hii ni kweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Usingizi wa mwanzo unaopungua wiki hadi wiki unaweza kuvumiliwa. Ukungu unaozidi badala ya kupungua, au uliozuka ghafla kwa mtu aliyekuwa ameshaizoea dawa yake, haupaswi kusubiriwa.

Lithiamu ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kiwango chake cha kawaida katika damu kwa anayeendelea na matibabu ni takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kipimo huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo. Kuharisha, kutapika, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, au kumeza ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya maumivu, vyote vinaweza kukipandisha. Akili ikichanganyika, mikono ikatetemeka kwa nguvu, ulimi ukawa mzito na miguu ikayumba, huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za sonona za kundi la fluoksetini, na vilevile kabamazepini, dawa ya kifafa na baipola, zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu katika damu, hasa kwa wazee na kwa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mtu anachanganyikiwa. Valproeti, nayo dawa ya kifafa na baipola, kwa wachache hupandisha amonia katika damu na kumwacha mtu akiwa amelegea na kusinzia mno. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na fahamu kuyumba, kwa anayetumia dawa za skizofrenia, ni dharura isiyongoja asubuhi.

"Ukiona kichwa kizito, ruka dozi kidogo"

Hamu ya kufanya hivyo inaeleweka kabisa. Mtu ana mtihani, ana kikao, anataka kichwa chake kirudi hata kwa siku moja. Tabu ni kwamba dawa za sonona kama paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini upesi, na kuziruka huleta kizunguzungu, hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu na mishtuko kichwani kama ya umeme. Anayeruka leo na kumeza kesho huishia kuwa na ukungu wa aina mbili, wa dawa na wa kuikosa. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Lithiamu ikiachwa ghafla, wazimu wa furaha iliyopitiliza unaweza kurudi kwa kasi. Kukata kidonge nako si salama kwa vidonge vyote: vile vilivyotengenezwa kuachilia dawa polepole, vikivunjwa, vinaweza kumwaga dozi nzima kwa mkupuo.

Daktari ana njia nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anaweza kusogeza muda wa kumeza, kupandisha dozi kwa mwendo wa taratibu zaidi, kuishusha, kuondoa dawa iliyoongezwa juu ya nyingine, au kubadilisha kabisa. Kwa kawaida ukungu unaotokana na dawa hupungua dozi ikishushwa au dawa ikibadilishwa. Kwa hiyo hofu ya kwamba akili imekwenda na haitarudi, hofu inayowaliza wengi usiku, mara nyingi haina msingi. Diazepamu na ndugu zake zikitumika miaka mingi, kichwa huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

"Kahawa itakuamsha"

Kikombe kimoja asubuhi kwa wengi hakina neno. Kubadilisha mazoea ghafla ndiko kwenye matatizo. Kafeini huufanya mwili utoe lithiamu zaidi kwa mkojo, hivyo mnywaji mkubwa wa kahawa akiacha ghafla kiwango cha lithiamu kinaweza kupanda. Kwa klozapini, dawa ya skizofrenia, mambo yamegeuka: kafeini nyingi huchelewesha ini kuivunja, nayo hujaa mwilini. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja klozapini na olanzapini, na anayeacha kuvuta anaweza kujikuta dozi ileile imemzidi. Kuacha sigara ni jambo la kheri, ila daktari ajulishwe mapema ili dozi ipimwe upya.

Pombe huongeza usingizi wa karibu dawa zote hizi. Vidonge vya mafua vyenye klofeniramini na vya kichefuchefu vyenye promethazini hufanya vivyo hivyo, na hununuliwa bila mtu kufikiria kwamba vinahusiana na dawa zake za akili. Mwambie mfamasia kila unachomeza, hata kama unaona haya kuitaja dawa ya akili mbele ya foleni. Unaweza kumwandikia kwenye karatasi.

"Ni uvivu, ajikaze"

Anayesema hivi hajui ni jitihada kiasi gani mgonjwa ameshatumia kuvaa tu na kutoka chumbani. Kujikaza hakufungui vipokezi vilivyozibwa. Kinachosaidia ni kupanga siku kwa kufuata kichwa kilivyo: kazi inayohitaji akili iwekwe katika saa ambazo ukungu hupungua, na za mikono zibaki kwa saa nzito. Jambo moja kwa wakati mmoja. Maagizo yaandikwe papo hapo. Kengele ya simu ikumbushe dawa, kwa sababu kumtegemea mtu mwenye ukungu akumbuke kidonge kinachomletea ukungu ni kumwonea. Kutembea kidogo mchana na kulala kwa saa zilezile kila usiku husaidia kweli. Kuendesha gari au mashine kungoje hadi mtu ajue dawa inamfanyaje, na kila dozi inapopandishwa angoje tena.

Nanyi mnaoishi naye, semeni naye kwa sentensi fupi, kisha msubiri. Msimmalizie maneno. Wala msimpime kumbukumbu kila mnapokutana.

Siku ya kliniki inapokaribia, mgonjwa aandike mambo matatu kila siku: saa aliyomeza, saa ukungu ulipokuwa mzito, na jambo moja aliloshindwa au aliloweza kulifanya. Neno "sijisikii vizuri" haliwezi kumwongoza daktari. Lakini mtu akisema, "Nikimeza saa 3 usiku, hadi saa 5 asubuhi siwezi kufuata mazungumzo, mchana nakuwa sawa, na ilianza wiki ile dozi ilipopandishwa," daktari anajua pa kuanzia: huenda kidonge kikasogezwa hadi saa 1 jioni, au dozi ikarudishwa ilipokuwa.