Takwimu za vifo vya watoto hazitoki wodini

Ni rahisi kudhani kwamba takwimu za vifo vya watoto hujumlishwa kutoka katika madaftari ya hospitali. Sivyo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, hupokea watoto waliozidiwa wanaopewa rufaa kutoka mbali, ilhali mtoto anayefia nyumbani huenda asiandikwe popote, hivyo hesabu ya wodini pekee ingepotosha.

Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, hutegemea tafiti za kaya: wadadisi huchagua kaya kwa sampuli, kisha humuuliza kila mwanamke mwenye umri wa miaka 15 hadi 49 kuhusu watoto wote aliowazaa, walio hai na waliofariki, na umri waliofia. Ni maswali mazito kwa mama aliyefiwa, na majibu yake yanastahili heshima. (Watoto wa mama aliyekwisha kufariki hawamo.)

Kwa njia hiyo, utafiti wa Tanzania wa 2022 ulionyesha vifo 43 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 mwaka 2015–16; vya watoto wachanga (wa chini ya mwezi mmoja), hata hivyo, vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu, ilhali lengo la dunia la 2030 ni visizidi 12.