Kumsaidia Mwanafunzi Kiziwi Asiyeona: Mkono Wako Ukae Chini ya Wake

Msaidizi mpya anapokabidhiwa mwanafunzi kiziwi asiyeona, mara nyingi huanza kwa kumshika mkono na kuupeleka kwenye kitu: gusa kitabu, shika kalamu, weka hapa. Nia yake ni njema. Lakini mikono ya mwanafunzi huyu ndiyo inayompa habari za dunia, na kuikamata ghafla ni sawa na kumfunika macho mtu anayeona. Akizoea kuvutwa hivyo, mtoto huanza kukunja ngumi au kuficha mikono, kisha ripoti ya shule huandikwa kwamba hataki kujifunza.

Kuna njia bora, nayo inataka subira zaidi kuliko nguvu. Weka mkono wako chini ya wake. Viganja vyake vipumzike juu ya mgongo wa mkono wako, huru kuondoka wakati wowote. Wewe tangulia kukigusa kitu, taratibu, naye atafuata mwendo wa vidole vyako. Anapoonekana tayari, ondoa mkono wako kidogo kidogo hadi vidole vyake vikifikie kitu chenyewe. Akiondoka, mwache aondoke. Atarudi kama hajalazimishwa. Kwa namna hiyo anajua kwamba mnakichunguza pamoja, wala si kwamba anachunguzishwa. Kwangu hili ndilo somo la kwanza la kazi hii.

Si kila kiziwi asiyeona yuko gizani na kimyani kabisa. Wengi wana mabaki ya kuona, ya kusikia, au yote mawili, na msaidizi anapaswa kuyafahamu vizuri. Mwenye sindromu ya Usher, kwa mfano, kwa kawaida huzaliwa na uziwi au usikivu hafifu, kisha uoni wake hupungua polepole kuanzia pembeni. Huyu ukimsogelea sana huku ukitumia lugha ya alama, mikono yako inatoka nje ya eneo dogo analoliona. Rudi nyuma hatua chache, fanya alama ndogo karibu na kifua, na usisimame na dirisha lenye mwanga mkali mgongoni mwako. Mwingine, aliyeathiriwa na rubela, ugonjwa wa virusi, tumboni mwa mama, anaweza kuhitaji kinyume chake kabisa. Muulize mwalimu, wazazi, na mwanafunzi mwenyewe.

Kila ukifika, jitambulishe. Mguse begani au kwenye mgongo wa mkono, ngoja ageuke, kisha toa alama yako ya jina au mpe aguse bangili unayoivaa kila siku. Ukiondoka, mwambie pia. Mtoto anayeachwa bila taarifa hukaa akizungumza na kiti kitupu, na jambo hilo linaumiza.

Mtoto ambaye bado hana lugha hujulishwa kinachofuata kwa kitu cha kushika. Jan van Dijk, mwalimu wa Uholanzi, alieneza matumizi ya vitu hivyo vikiwa vimepangwa kwa mfuatano kwenye visanduku, kama kalenda ya kugusa. Kitu kitokane na shughuli yenyewe: kipande cha taulo kwa kuogelea, kamba ileile ya bembea kwa mapumziko. Gari dogo la plastiki halina maana kwake, kwa sababu halifanani hata kidogo na anachokigusa akipanda gari.

Ukishauliza swali, ngoja. Habari inayopita kwenye ngozi huja kipande kwa kipande, naye lazima aviunganishe kabla ya kujibu. Wasaidizi wengi hurudia swali mapema mno, na kila kurudia kunamlazimisha aanze upya. Anachoka pia kuliko wenzake, kwa hiyo mapumziko mafupi yawe sehemu ya ratiba.

Msaidizi hamfanyii mwanafunzi kazi yake. Anne Sullivan alimtajia mwanafunzi wake Helen Keller, Mmarekani kiziwi asiyeona, mihadhara ya chuo cha Radcliffe herufi kwa herufi mkononi, lakini kwenye mitihani ya kuingia chuoni hapo mwaka 1899 hakuruhusiwa kumsomea maswali. Yaliletwa kwa maandishi ya nukta nundu. Keller alihitimu mwaka 1904, na majibu yalikuwa yake. Mpe mwanafunzi habari zote, pamoja na nani ameingia na kwa nini darasa linacheka, kisha mwachie uamuzi. Wafundishe wanafunzi wenzake kumsalimia wenyewe, na wakishaanza kuzungumza, jitoe katikati.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inawataja viziwi wasioona, na inataka wafundishwe kwa lugha na njia za mawasiliano zinazomfaa zaidi kila mmoja wao. Msaidizi anayekutana na mada ya somo kwa mara ya kwanza darasani, pamoja na mwanafunzi, hawezi kulitimiza hilo. Mpeni andalio la somo siku moja kabla, na mumtengee muda wa kukaa na mwalimu, ili vitu vya kugusa na maandishi ya nukta nundu viwe mezani kipindi kinapoanza.