Chanjo ya surua haileti usonji
Ile meseji kwamba chanjo ya surua inaleta usonji (autism) bado inazunguka kwenye magrupu, na si kweli. Ilianzia kwenye utafiti wa 1998 wenye watoto 12 tu, jarida lenyewe lililouchapisha likaufuta 2010, ukiutafuta mtandaoni utaona umegongwa alama ya kufutwa. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, hakuna tofauti. Sehemu kubwa ya sababu za usonji ni jeni, ndo maana pacha wa kufanana akiwa nao mwenzake mara nyingi anao pia, halafu yapo mengine kama kuzaliwa njiti. Watu wanachanganya sababu chanjo inakuja karibu na umri ambao mtoto anaanza kuonekana haitiki jina lake, basi mzazi anaunganisha. Jamani tusiifowadi, kuna mama anajilaumu bure.