Skii za mbao za mbio za nyika ni nini?

Ni jozi ya mbao ndefu, nyembamba, zenye ncha iliyokunjwa juu, walizovaa miguuni wanamichezo wa mbio za nyika za thelujini hadi katikati ya miaka ya 1970. Usizichanganye na skii za kuporomoka mlimani. Hizi ni za tambarare, kupanda na kushuka, tena kwa masafa: mbio za Vasaloppet za Sweden, zilizoanza mwaka 1922, ni kilomita 90. Ndiyo maana kiatu hubanwa mbele tu, kwenye vidole, na kisigino huachwa kiinuke.

Utaalamu wote umo katikati ya skii, palipobinuka kama upinde. Mkimbiaji akisimama kwa miguu yote miwili, katikati hapagusi theluji, hivyo anateleza. Akiuhamishia mguu mmoja uzito wote na kusukuma, pale katikati hubonyea, nta iliyopakwa hapo hushika theluji, naye hupata pa kujisukumia. Kwa hiyo skii ya mtu wa kilo 60 haimfai wa kilo 85. Ataibonyeza muda wote na nta itamkwamisha. Kipimo cha zamani ni karatasi: isukume chini ya skii ukiwa umesimama kwa miguu miwili, ipite, simama kwa mguu mmoja, inase.

Katika miongo yake ya mwisho, skii nzuri haikuchongwa kutoka ubao mmoja. Ilikuwa tabaka za mbao zilizogundishwa, nyepesi ndani, ngumu kwenye soli, mara nyingi za miti ya hikori au birchi. Soli ilipakwa lami ya msonobari na kupashwa moto hadi ikainywa, ili maji yasipenye. Wengi husifu harufu yake. Mimi nasifu zaidi jinsi nta inavyong'ang'ania mbao kuliko plastiki.

Lakini plastiki ilikuwa nyepesi na yenye kasi. Mwaka 1974, kwenye ubingwa wa dunia mjini Falun, Msweden Thomas Magnusson alishinda kilomita 30 kwa skii za faibaglasi, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, na baada ya misimu michache mbao zikatoweka kwenye mashindano makubwa. Mkenya Philip Boit alipokimbia kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, skii za mbao zilikuwa tayari vitu vya makumbusho.

Ukikuta jozi inauzwa, usidanganywe na vanishi. Zishike pamoja soli kwa soli bila kuzibana: zikigusana katikati bila kuacha nafasi, mbinuko umekufa, na hizo ni za kutundika ukutani tu.