Haiba ya mtu: damu, malezi na dhana zinazopotosha

Dhana: Haiba hurithiwa kwa asilimia 40, kwa hiyo asilimia 40 ya tabia yangu imetoka kwa wazazi.

Kosa hili huzaa mengine mengi. Haiba ni mwelekeo wa kudumu wa mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda. Tafiti za pacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za haiba kati ya watu huambatana na tofauti za jeni zao, yaani vinasaba walivyorithi kwa wazazi. Hesabu hiyo ni ya kundi, si ya mtu mmoja. Mtu hagawanyiki mafungu: jeni bila mazingira hazijengi ubongo, na mazingira bila jeni hayana cha kulea.

Watafiti hulinganisha pacha wa yai moja, ambao jeni zao ni karibu sawa kabisa, na pacha wa mayai mawili, wanaolingana kama ndugu wa kawaida. Wale wa kwanza wakishabihiana zaidi, urithi umechangia. Lakini hata wao hutofautiana wazi kwa haiba, ingawa wamelelewa nyumba moja.

Dhana: Kuna jeni ya hasira na jeni ya woga.

Hakuna. Kila sifa huguswa na maelfu ya tofauti za jeni, kila moja ikichangia kidogo mno. Mwaka 2003 ilidaiwa kuwa tofauti katika jeni moja inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, humweka mtu katika hatari zaidi ya kupata sonona anapopitia misukosuko. Uchunguzi wa 2019, uliotumia data ya mamia ya maelfu ya watu, haukupata ushahidi wa madai hayo. Kwa hiyo kipimo cha jeni cha mate kinachoahidi kutabiri haiba ya mtoto hakistahili hela yako.

Dhana: Kifungua mimba ni kiongozi, kitinda mimba hudeka.

Mwaka 2015, takwimu za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani hazikuonyesha kwamba nafasi ya kuzaliwa huamua haiba.

Dhana: Utoto ukiharibika, yamekwisha.

Hapa lazima tuseme mambo mawili kwa pamoja. Miaka ya mwanzo ina uzito wa kweli. Huko Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwa familia za kambo, yaani familia zilizojitolea kuwalea. Waliohamishwa kabla ya miezi 24 ndio waliojenga mshikamano imara zaidi na walezi wao. Kilichokosekana kwenye taasisi ni mlezi yuleyule anayemwitikia mtoto siku baada ya siku. Hata hivyo, faida haikuishia kwa wadogo: matatizo ya wasiwasi na huzuni yalipungua kwa watoto waliohamishwa, hata wale waliochelewa. Kuchelewa kuna gharama, lakini si sababu ya kukata tamaa.

Dhana: Mtoto mwoga amezaliwa hivyo, mwache.

Ni kweli kwamba katika utafiti wa mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Kagan, takriban mtoto mmoja kati ya watano wa miezi minne alirusha mikono na miguu na kulia alipoonyeshwa vitu vigeni, na watoto wa aina hiyo walielekea zaidi kuwa waoga baadaye. Si wote, lakini. Kumkinga mtoto huyo na kila kitu kigeni hukuza woga. Kumsukuma ghafla humtisha. Mpe kitu kigeni kimoja kwa wakati, kaa karibu naye, usimwite mwoga mbele za watu, na usimwondoe mara tu anapoanza kulia. Msubiri kwanza atulie.